Zoila, msogeza magari wa Mtaa wa 43, na kiti alichokatazwa kukigusa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Jumanne. Zoila Guamán anashuka ngazi za nyumba yao, Mtaa wa 43, Union City, funguo kumi na nne zikilia kiunoni kama kengele za mbuzi. Muda si mrefu gari la kufagia barabara litapita upande wa kushoto. Gari litakalokutwa limeegeshwa hapo litapigwa faini, na askari wa maegesho wa huku hana undugu na mtu.

"Zoila, langu lile jekundu!" anapaza sauti mwanamke wa ghorofa ya tatu, taulo kichwani.

"Nalijua lako, Yamilet! Linanuka chipsi mpaka kwenye breki!"

"Basi kula, zimo chini ya kiti!"

Hiyo ndiyo kazi yake. Majirani wengine wameshakwenda vibaruani, wengine wamelala baada ya zamu ya usiku. Zoila huyatoa magari yao upande unaofagiwa, akayapanga ubavuni mwa yale ya upande wa pili, na barabara ikishafagiwa huyarudisha. Aliyezibiwa njia humgongea mlango, maana funguo zote anazo yeye. Kila mwenye gari humpa dola kumi kwa wiki.

Hudson, kaunti yetu, ndiyo ndogo kuliko zote za New Jersey, na ndiyo iliyojaa kuliko zote. Watu zaidi ya laki saba tumebanana hapa, New York ikiwa mbele ya pua, ng'ambo ya mto. Huku kwetu mtu akipata nafasi nzuri ya kuegesha Ijumaa jioni, yuko radhi akose harusi ya binamu yake kuliko kuiachia.

Zoila ana miaka hamsini na minne. Alikuja kutoka Cuenca, Ecuador, akafanya kazi katika kiwanda cha kudarizi mpaka kilipofungwa. Ni mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaani, na magari madogo humtesa.

"Kupitisha gari katikati ya magari mawili ni kama kutunga uzi kwenye sindano," anasema. "Ila sindano haikutukani."

Cha ajabu ni kwamba dereva huyu hodari hakuwa akivuka mwisho wa mtaa. Leseni anayo. Wiki ile aliyoipata, miaka saba iliyopita, aliazima gari la Yamilet kwenda kununua mchele. Pale Weehawken, mji jirani, akashika mstari usio wake. Sisi wa huku tunaujua mstari huo: ukishauingia, maji yamekwisha kumwagika. Hakuna kugeuza wala kusimama. Unamezwa na handaki, unapita chini ya mto na kutemwa katikati ya New York.

Alilia kando ya barabara mpaka polisi mmoja akamwonyesha njia ya kurudi. Alifika nyumbani jioni, bila mchele. Hadi leo akipita, vijana wa kinyozi humwuliza, "Mama, mchele umeiva?" Yeye huwacheka, lakini moyoni hofu ilibaki. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Miongoni mwa magari yake lilikuwamo moja dogo la bluu, la Don Evelio Carballosa, Mkyuba wa miaka themanini na mmoja anayeishi ghorofa ya chini. Lilikuwa gari la mkewe, Mirta, aliyefariki miaka sita iliyopita. Mzee huyo haendeshi tena, macho yake yana ukungu, lakini hakuliuza. Alitaka msogezaji mwenye kukubali sharti moja tu: kiti cha dereva kisiguswe. Kibaki pale Mirta alipokiacha.

Mirta alikuwa mfupi kama mtoto wa shule. Wasogezaji wawili walijaribu wakashindwa, wa tatu akacheka na kufukuzwa. Zoila alijikunja, akaingia, magoti yakagusa usukani, na kila wiki kwa karibu miaka sita akaendesha hivyo hivyo bila kulalamika.

"Ningelalamika nini?" anauliza. "Mtu amebakiwa na kiti, umnyang'anye na kiti?"

Mwezi uliopita binti yake Don Evelio alisema anakuja kumchukua baba yake akaishi naye Florida, na gari liuzwe. Mzee alikubali yote. Akaomba kitu kimoja kabla ya kuondoka: apelekwe kwa gari la Mirta kwenye ukingo wa genge la mawe juu ya mto, Weehawken, walipokuwa wakiegesha kila Jumapili, wanywe kahawa na andazi la mapera huku wakiutazama mji wa ng'ambo. Na wa kumpeleka alikuwa mmoja tu, maana kiti hakikuwa na mwingine.

Zoila alikataa.

"Don Evelio, njia ya huko inapita pale pale penye handaki. Mwombe mtu mwingine."

"Mtu mwingine atasogeza kiti, mwanangu."

Alikataa mara ya pili. Usiku hakulala. Asubuhi akamgongea mlango mzee na kumwambia, "Jumapili. Lakini usinisemeshe njiani."

Mwandishi wa makala haya alikaa kiti cha nyuma, amepakata kahawa. Mtaa mzima ulitoka kuwaaga, vijana wa kinyozi wakipiga mbinja, Yamilet akipiga ishara ya msalaba. Zoila alishika usukani kwa mikono miwili, magoti yamepanda, jasho linamtoka. Don Evelio alitii amri.

Pale njiapanda lori lilipiga honi nyuma yao. Zoila akashtuka, akakata kushoto.

"Don Evelio," akasema kwa sauti ndogo, "nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Naliona handaki. Nisamehe, baba. Nisamehe, nimekuharibia siku yako."

Mzee akaangua kicheko mpaka akakohoa. "Mirta naye alikuwa hivyo hivyo! Siku ya ubatizo wa binti yetu alituingiza humu, padri akatusubiri mpaka mishumaa ikazimika. Twende tu, mwanangu. Handaki halina pa kugeuzia."

Walitokea New York. Zoila aliufuata mto, akaegesha kwenye ukingo wa pili. Akashuka, akamshika mzee mkono. Kaunti yetu yote ilikuwa mbele yao: genge, na juu yake nyumba zimebebana, minara ya makanisa, matangi ya maji, nguo zimeanikwa.

"Nieleze," akasema Don Evelio. "Mimi naona ukungu tu."

Zoila akamweleza. Tangi lile, kanisa lile, nyuma yake kidogo ndiko kwetu.

"Miaka arobaini tulikaa kule tukiutazama upande huu," mzee akasema. "Hatukuwahi kuja huku tukajitazama. Kumbe tulikuwa tunakaa pazuri."

Akalia, na Zoila akalia naye. Mwandishi pia, kwa nini afiche.

Waliporudi garini Don Evelio alifunga mkanda, akasema, "Zoila, sogeza kiti."

"Kiti gani?"

"Hicho unachokalia. Magoti yako yanagonga usukani tangu nyumbani. Nina ukungu wa macho, sina uziwi."

"Lakini Mirta..."

"Mirta angenigombeza zamani. Sogeza. Gari ni lako, binti yangu nimeshamwambia."

Zoila alipapasa chini, akavuta kishikio. Kilikuwa kigumu. Akavuta tena, kiti kikarudi nyuma kwa kishindo, na miguu yake ikanyooka. Don Evelio aligeuza uso dirishani.

Mzee ameshaondoka. Kiunoni mwa Zoila funguo bado ni kumi na nne, ila mmoja ni wa gari lake mwenyewe. Jumapili ijayo anataka kwenda mji wa Paterson kwa dada yake, ambaye kwa miaka yote hii ndiye aliyekuwa akija kwa basi.

"Na nikimezwa na handaki tena?" anasema, akifuta kioo cha gari la bluu kwa mkono wa sweta. "Nitasimama ng'ambo, niupungie mkono mtaa wetu, nimsalimie Mirta. Halafu nitarudi. Na waambie wale vijana wa kinyozi watayarishe sufuria. Safari hii narudi na mchele."