Masika Ambayo Sikufika Lindi

Kwetu Lindi, mimba ya kwanza mtu hurudi kujifungulia kwa mama yake. Mimi nilikuwa nimeolewa Kariakoo kwa mwaka mmoja tu, na mimba ilipofika mwezi wa saba mama aliandika barua tatu mfululizo, zote zikisema neno moja: njoo. Mume wangu alikuwa fundi cherehani katika duka la Mhindi mmoja kule Mchafukoge na hakupata ruhusa ya kunisindikiza. Ikapangwa nisafiri na jirani yetu, mama mtu mzima wa Nachingwea. Asubuhi ya safari yule mama alichungulia nje, akaona mvua ilivyokuwa inamwagika, akasema yeye haendi popote mpaka masika yaishe.

"Basi nitaenda peke yangu," nikasema.

Mume wangu alimtazama mama yake. Mama mkwe aliinua kikapu cha samaki wakavu aliowatayarisha kwa ajili ya mama yangu, akajifunika khanga kichwani, akatangulia.

Lazima nieleze huyu mama alivyokuwa. Alikuwa mkaanga samaki katika soko la Feri. Alitoka kila alfajiri, akarudi mchana akinuka mafuta na moshi wa kuni, akaoga, akakaa uani kwenye kibao chake akichambua mchele. Hakuwahi kunigombeza. Ila maneno yake yalikuwa machache sana, na mimi nilikuwa nimelelewa na mama anayeongea hata na sufuria zake. Kwa mwaka mzima nilikuwa na hakika kwamba hanipendi. Ukweli nitausema: sehemu ya hamu yangu ya kwenda Lindi ilikuwa kukimbia kile kimya.

Tulikwenda kituoni kwa miguu, maji yakitufika kwenye vifundo, mume wangu akiwa na sanduku la bati kichwani. Basi lilikuwepo, na abiria wachache walikuwa wamekwisha kaa. Kondakta alisimama mlangoni akatangaza kama anahutubia mkutano:

"Ndugu abiria, msikilize vizuri. Gari iliyoondoka juzi bado imekwama kwenye tope kabla ya kivuko cha Ndundu. Mto Rufiji umefurika, pantoni haivuki. Sisi tutaondoka, lakini tutakapolala sijui. Anayetaka kuahirisha aahirishe sasa hivi."

Watu wawili wakashuka. Mimi nikapanda. Nikakaa kiti cha dirishani, nikashika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Mume wangu alikuja dirishani, mvua ikimtiririka usoni. "Shuka bwana. Utakwenda wiki ijayo."

"Wiki ijayo mto utakuwa umejaa zaidi. Mama ananingoja."

Alisihi, nikakataa. Kisha nikaona mama mkwe anamfuata dereva, wanaongea. Sikuyasikia maneno yao, nilimwona dereva tu akitikisa kichwa. Mama mkwe akapanda ndani ya basi na kikapu chake, akaja akakaa karibu yangu. Nilijikaza. Nilidhani amekuja kuniamrisha.

Aliweka kikapu miguuni. Halafu akasema polepole, akitazama mbele:

"Mumeo si mtoto wangu wa kwanza. Yeye mwenyewe hajui. Kabla yake nilikuwa na mimba kubwa kama hiyo yako. Tulitoka Utete kwa lori, masika kama haya. Lori likazama kwenye tope siku mbili. Uchungu ukanishikia pale pale, juu ya magunia ya mpunga. Hapakuwa na mwanamke mwingine. Mtoto alikuwa wa kike."

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Nje, mume wangu alikuwa amelitua sanduku chini, amelikalia, anatutazama asijue tunaongea nini.

"Mimi sikukatazi," akasema mwishowe. "Ukisema unakwenda, nami nakwenda na wewe hivi hivi nilivyo. Lakini mimi si mkunga."

Alikuwa amevaa kandambili na gauni lililolowa hadi magotini. Nilimtazama nikajua hasemi utani. Angekwenda kweli. Nilianza kulia, nikamwambia, "Tushuke, mama."

Kutoka kituoni tulipitia Posta kupiga telegramu. Nilitaka kumweleza mama yangu yote: mvua, mto, kwamba nilijaribu. Mama mkwe akasema telegramu si barua. Akamtamkia karani mwenyewe: "Mvua kubwa. Haji. Tunaye." Karani akauliza kama ni hayo tu. Akasema ni hayo tu.

Majuma yaliyofuata mvua haikupumzika. Chumba chetu kilivuja, na kitanda tulikihamisha mara tatu. Mama mkwe aliendelea kwenda Feri siku ambazo wavuvi walitoka, na siku ambazo bahari ilikuwa mbaya alishinda nami. Hakuwa ameanza kuongea sana. Ila sasa nilikuwa naisikia tofauti ile hali yake ya kukaa karibu yangu akichambua mchele.

Siku moja nilisema, kwa kujisemea tu, kwamba natamani ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu tunavyochemsha na kula na chumvi. Kesho yake alirudi jua limekwisha geuka, amelowa chapachapa. Miaka ile soko kubwa lilikuwa bado linajengwa na wauzaji walikuwa wametawanyika, kwa hiyo alizunguka mtaa kwa mtaa mpaka Msimbazi akiulizia ming'oko. Hakuna. Ming'oko yenyewe huja kwa barabara ile ile iliyokatika. Akaniwekea sahani ya magimbi.

"Fumba macho," akasema. "Jifanye ndiyo hiyo ming'oko."

Nilifumba macho nikala. Hayakufanana hata kidogo. Nilicheka mpaka mtoto akanipiga teke, na mama mkwe akacheka pia, mara ya kwanza kumsikia.

Kisha, Ijumaa moja mchana, nikiwa uani naanua nguo kwa sababu mawingu yalikuwa yanarudi, nikasikia sauti ukumbini: "Hodi wenyewe! Hapa ndipo kwa fundi cherehani?"

Nguo zilinianguka. Mama yangu, ambaye alikuwa hapandi hata ngalawa ya kuvuka upande wa pili wa ghuba, alikuwa amesimama pale na mkeka kwapani na kifurushi cha korosho kichwani. Alikuwa amekuja kwa meli. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Mama! Shikamoo! Umekujaje?"

"Marahaba. Usiniulize. Nimetapika tangu Lindi mpaka hapa. Mpaka nahodha alinionea huruma." Akanishika tumbo kwa viganja vyote viwili, akalipima, ndipo akavuta pumzi. "Telegramu imesema 'tunaye'. Nikajiuliza, ni akina nani hao wanaosema wanaye mwanangu? Nikaona nije niwaone."

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. Waliangaliana. Walikuwa hawajawahi kuonana, kwani harusi ilipofanyika Lindi mama mkwe alikuwa mgonjwa.

"Karibu mkwe," akasema. "Ni mimi."

Mama yangu akatua korosho. "Basi ahsante," akasema, akamshika ile mikono yenye unga.

Waliishi pamoja miezi minne, chumba kimoja, kitanda kimoja. Mama yangu aliongea, mama mkwe alisikiliza, na kila mmoja alionekana amepata alichokikosa. Waligombana kuhusu uji tu: mmoja alitaka pilipili manga nyingi, mwingine alisema itamchoma mtoto tumboni. Nilijifungua hospitali, asubuhi, mtoto wa kike. Mama mkwe alipopewa ambebe alimgeuzia dirishani kwenye mwanga akamtazama muda mrefu, na ni mimi peke yangu niliyejua kwa nini.

Barabara ilipokauka mama yangu alisema meli hapandi tena maishani mwake. Mama mkwe akasema yeye atamsindikiza kwa basi, aione na hiyo Lindi yenyewe. Wakaondoka pamoja, vikapu vinne, wakibishana nani akae dirishani.

Asubuhi iliyofuata nyumba ilikuwa kimya. Mume wangu alikwenda kazini. Nilichemsha maji, nikayamimina kwenye beseni, nikatumbukiza kiwiko kama nilivyowaona wakifanya. Yalikuwa moto mno. Nikayapoza, nikajaribu tena, nikayapoza tena. Kisha nikamvua mwanangu nguo, nikamwogesha mwenyewe kwa mara ya kwanza.