Mpaka Alioukana Elisée

Elisée alizaliwa katika nyumba ya mwami, mtawala wa jadi, kwenye milima ya Kivu, mtoto wa mke mdogo. Baba yao alipofariki, kiti kilimwangukia kaka yake wa mke mkubwa, Filbert, na mwaka haukuisha ndugu hao wakakosana vibaya, maana Filbert alimfukuza mama yake Elisée bomani. Elisée akamshika mama yake mkono, wakavuka mto, akaenda kumpigia magoti mwami wa jirani.

Huko alipokewa kwa heshima. Alipewa ng'ombe, akapewa kilima cha kusimamia, na kwa miaka kumi na moja akawa mkono wa kulia wa bwana yule. Aliamua kesi, alipokea wageni wa serikali, alisema pale mwami alipotaka kunyamaza. Mama yake alizikwa huko kwa ngoma za watu wakubwa.

Kisha ukaja ugomvi wa malisho kati ya mwami yule na Filbert. Mwami akamwita mbele ya wazee.

"Elisée, wewe baba yako alikutembeza. Mpaka uko wapi?"

Alijua. Baba yao aliwapeleka wote wawili, yeye na Filbert, hadi juu mlimani penye mti wa mvumu, akawaambia washike shina, mpaka ni hapo. Lakini miaka yote hiyo alikuwa akila kwa mwami yule, na kaburi la mama yake lilikuwa katika ardhi yake. Akasema, "Uko chini, kwenye kijito."

Wiki hiyohiyo vijana wa mwami wenye bunduki walipanda kuuchukua mlima. Nyumba thelathini ziliteketea. Mtoto wa kwanza wa Filbert aliuawa akitoa ndama zizini.

Mwami alipokwisha kupata alichotaka, akaanza kumwepuka Elisée. "Aliyemuuza ndugu yake," aliwaambia watu, "mimi atashindwa kuniuza?" Siku Elisée aliposikia kwamba kilima chake kimepewa mwingine, hakungoja kuambiwa la pili.

Ndivyo alivyofika Johannesburg. Huu ni mwaka wa kumi na tatu akilinda geti la jengo la ghorofa katika mtaa wa Hillbrow, katika sare inayombana mabega.

Mwaka jana Filbert alikufa kule nyumbani, na jamaa walioko Johannesburg wakaweka matanga mtaa wa Yeoville, katika ukumbi wa kanisa. Elisée alivaa koti, akaenda kwa miguu. Mlangoni alimkuta Clémentine, binti wa Filbert, msusi wa mtaa wa pili.

"Baba mudogo, hapa hauna kiti."

"Sikuja kukaa, binti yangu. Nimekuja kumlilia kaka."

"Basi ingia, useme mpaka uko wapi. Ukimaliza, utoke."

Watu walikuwa kama sitini. Alisimama mbele ya picha ya kaka yake akasema yote, mti, shina, mkono wa baba yao juu ya mikono yao. Alipofika kwa kijana wa ndama, jina halikutoka. Clémentine aliyaandika maneno yake, akamwambia atie sahihi, kisha akamfungulia mlango.

Wazee wa nyumbani, kule Kivu, waliipeleka karatasi ile kwenye baraza linaloamua kesi za ardhi. Baada ya miezi minne Clémentine alikuja Hillbrow mwenyewe, wakasimama getini.

"Wamekataa," alisema. "Wanasema hawasikilizi mutumishi aliyefukuzwa. Tena, siku ulipokuwa mwaminifu kwa mwami, ulisema kijito."

"Na mlima?"

"Watu wa mwami wamelima viazi."

Clémentine akamwuliza kama amekula. Elisée akasema amekula, ingawa tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni, akamwangalia akishuka barabara kwenda kutafuta teksi.