Tangazo la Ghorofa ya Juu

Ratiba niliiandika kwa wino mweusi katika daftari langu la maandalio ya masomo, nikaipigia mistari kwa rula. Ijumaa, saa moja asubuhi: meli yaondoka bandari ya Rumonge. Saa nane mchana: Kigoma. Saa kumi na moja jioni: treni. Jumamosi alfajiri: Urambo, na hapo gari dogo hadi Ulyankulu. Saa nne asubuhi: mama kitini mwake, mbele ya watu.

Mstari huo wa mwisho ndio uliokuwa safari yenyewe. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, huko huko Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi, alikobaki sisi wengine tuliporudi Burundi. Jumamosi ile ilikuwa siku ya kuganduka, siku ya kuondoa kilio. Kwetu kilio hakiishi chenyewe kwa sababu miezi imepita. Watu hukusanyika, impeke, pombe ya mtama, huwekwa katikati, kisha mmoja wa tumbo alilozaliwa marehemu husimama na kusema kwamba kilio kimekwisha, na watu wote huitikia. Kabla ya neno hilo hakuna harusi katika nyumba, wala ngoma. Katika watoto sita wa tumbo lile, aliyebaki hai ni mama peke yake. Hapakuwa na mtu mwingine wa kusimama.

Mama hakuitaka meli. Alitaka tupite mpakani Mugina, kwa gari, kama alivyopita siku zote.

“Kwa esansi gani, mama?” nilimuuliza. “Taksi ziko foleni ya petroli tangu Jumatatu. Tutakwama Nyanza-Lac na siku itapita.”

“Nimekwama mara nyingi na nimefika,” alijibu. “Hiyo bato yako ya muziki, nani aliyefika nayo?”

Lilikuwa swali la haki, nami nililijibu kwa kiburi cha mtu aliyesoma. Meli ile ilikuwa ngeni. Mwenye meli aliitangaza kama safari ya starehe ziwani: viti vyeupe, samaki wa kuchoma, wageni kutoka Bujumbura. Karatasi za tangazo zilibandikwa hadi kwenye ukuta wa soko, na chini kabisa waliandika kwamba abiria atakayeshuka Kigoma ataiwahi treni ya jioni bila shida. Nilimsomea mama maneno hayo kwa sauti, kwa Kirundi, nikitafsiri neno kwa neno. Alinisikiliza, kisha akasema, “Haya, mwalimu.” Mama huniita mwalimu pale anapokubali jambo asiloliamini.

Nasema haya ili ifahamike kwamba hasira yangu ina sehemu mbili, na kwamba sikusudii kuificha ile inayonihusu mimi.

Meli ilikuwa na ghorofa mbili. Juu palikuwa na wageni, chini tulikuwa sisi: wanawake wenye mabunda ya vitenge, wavuvi wawili waliokuwa wakienda kununua nyavu, na mfanyabiashara mmoja wa mafuta ya mawese, Mwislamu wa mjini Rumonge, aliyekaa karibu nasi na madumu yake ya njano. Kati ya ghorofa hizo kulikuwa na ngazi ya chuma, na kwenye ngazi hiyo walifunga mnyororo. Si kamba, mnyororo. Niliutazama tangu tulipoondoka, na kila nilipoutazama nilijisemea kwamba nitakuja kuwaeleza wanafunzi wangu jambo juu yake, kwa utulivu, kwa mifano.

Tulipofika mbele ya Kigwena, injini ilinyamaza. Nilidhani imeharibika. Kumbe wageni wa juu walitaka kuupiga picha msitu, na mkubwa mmoja aliyekuwa nao alitaka kuwaona nyani. Boti ndogo ikashushwa, ikaenda ufukweni na kurudi, ikaenda tena. Sisi tulikaa juani, tukayumba.

“Nyani wa Kigwena,” alisema yule wa mawese, “mimi nawapita kila juma na taksi. Hakuna siku hata moja wamenisimamisha.”

Wanawake walicheka. Mama pia alicheka, akamwambia, “Wewe hauna cheo, baba. Nyani wanajua watu.”

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefungua daftari na kuhesabu. Kusimama kule kulichukua saa nzima na zaidi, lakini ratiba yangu ilikuwa imeacha saa tatu za akiba kati ya meli na treni, na akiba hiyo niliionea fahari. Nilikwenda kwenye mnyororo nikamwuliza kijana wa meli, aliyevaa shati jeupe la vifungo vya dhahabu, tutafika saa ngapi.

“Saa tisa na kitu,” alisema.

“Na treni?”

“Treni iko, mama. Usiwe na haraka.”

Alisema kweli. Hakuna mtu aliyetudanganya siku ile, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Ningepata uongo mmoja, ningekuwa na mahali pa kuiweka hasira yangu yote.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa mbali huenda asilielewe. Saa ya Tanzania iko mbele ya saa ya Burundi kwa saa moja. Kila mtu wa pwani yetu anajua. Ni elimu ya kwanza ya mtoto wa mpakani. Lakini kusini, kuanzia Nyanza-Lac kwenda Kabonga, simu hunasa mnara wa upande wa pili bila kukuuliza, na saa huruka mbele yenyewe. Rafiki yangu anayefundisha Kabonga aliwahi kugonga kengele ya asubuhi saa nzima kabla ya wakati, watoto wakaja na usingizi machoni, bila uji. Ndiyo maana sisi huzima ule uwezo wa simu kujirekebisha na kuifunga saa yetu kwa mkono. Mimi niliwafundisha hivyo wanafunzi wangu wote wa Gatete. Niliwaambia: saa yako iwe yako, usimwachie mnara.

Saa ya simu yangu, basi, ilikuwa imefungwa kwenye saa za Burundi. Na katika daftari langu nilikuwa nimeziandika saa zote katika safu moja, meli kwa saa za Burundi na treni kwa saa za Tanzania, moja chini ya nyingine, kana kwamba ziwa halina mpaka.

Tulishuka Kigoma simu yangu ikionyesha saa tisa na dakika kumi. Uhamiaji ulichukua nusu saa, kwa adabu, sina la kulaumu. Mbele yetu niliwaona wageni wa ghorofa ya juu wakipitishwa mlango wa pembeni, wakiingizwa katika magari mawili mbio mbio, masanduku yakirushwa. Nikamwambia mama, “Waone walivyo na pupa. Hata kutembea hawawezi.” Niliyasema hayo kwa dharau, nikafurahi kuyasema.

Stesheni iko karibu na bandari; mtu mwenye magoti mabovu kama mama huimaliza njia kwa dakika chache.

“Twende tukae huko huko,” mama alisema. “Mimi napenda kungojea treni nikiiona.”

“Mama, tuko na saa nzima na robo. Hujala tangu asubuhi. Ule kwanza.”

“Nitakula stesheni.”

“Kaa, mama. Nimepanga.”

Akakaa. Kwenye benchi la mama lishe, chini ya turubai, akaletewa wali na dagaa, wale ambao sisi tunawaita ndagala. Alikuwa akiondoa vichwa vya samaki kimoja kimoja, akivipanga ukingoni mwa sahani, nilipoisikia honi. Ndefu, kisha fupi. Mama lishe hakuinua hata kichwa.

“Hiyo ni nini?” nilimuuliza.

“Treni, dada.”

“Inaingia?”

“Inaondoka. Si ni saa kumi na moja?”

Nilikimbia. Sijui nilidhani nitafanya nini. Nilifika geti la stesheni nikaona behewa la mwisho likipinda, na mlinzi akiburuta geti kulifunga kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na chungwa. Nje ya geti alikuwa amesimama yule mfanyabiashara wa mawese, akingoja mkokoteni wa kubeba madumu yake. Alinitazama, akaelewa mara moja.

“Eeh, mwalimu! Si walitangaza?”

“Walitangaza wapi?”

“Huko juu. Nilipanda kuomba maji ya udhu, yule kijana akanifungulia. Wakasema kwa Kifaransa, mara mbili, watu wasogeze saa mbele, treni haitangoji. Nilizania na chini munasikia.”

Chini tulikuwa tunasikia muziki. Kipaza sauti chetu kilifungwa kwenye nyimbo tangu Rumonge mpaka Kigoma, na hapakuwa na mtu aliyefikiri kwamba watu wa chini nao wana treni ya kuwahi. Hawakutuchukia, hawakutukumbuka tu. Nimesoma vitabu vingi juu ya dhuluma, na katika vyote dhuluma ina sura, ina jina, ina kiboko mkononi. Hii ilikuwa na kipaza sauti kilichopigwa nyaya vibaya, na bado sijui inaitwaje. Najua tu kwamba ilifanya kazi yake kikamilifu. Lakini mtu mmoja wa chini alizijua saa zote mbili, alikuwa nazo katika daftari, na alimkalisha mama yake kwenye benchi.

Mama alikuwa amemaliza kula niliporudi. Alikuwa ameisikia honi na yeye.

“Imekwenda,” nilisema.

“Nimesikia.”

Ningalitoa chochote anitukane.

Treni nyingine ilikuwa ya siku kadhaa mbele. Basi la Tabora lilikuwa alfajiri, kupitia Uvinza na Kaliua, na lingetufikisha Urambo alasiri. Nilimpigia kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, nikamwomba wasogeze shughuli hadi Jumapili.

“Dada, impeke imeiva tangu jana,” alisema. “Kesho kutwa itakuwa siki. Na watu wametoka mbali, wengine wamelala chini ya miti ya jirani. Nitawaambia nini?”

“Waambie anakuja.”

“Nimewaambia hivyo tangu mwezi uliopita.”

Basi lilitoka kwa wakati wake. Saa nne kasoro tukiwa njiani, kaka alipiga simu. Walikuwa wamepata wazo: wataifunga simu kwenye kipaza sauti cha kanisa, mama aseme neno lake akiwa garini, watu waitikie, mambo yaishe. Nililiona wazo hilo kuwa la busara. Nililishika kama mtu anayezama. Nikamwomba dereva apunguze muziki, naye akapunguza, nikampa mama simu.

Mama aliitazama, akanirudishia.

“Mwambie hapana.”

“Mama, wanakungoja. Sema tu maneno mawili.”

“Nimwage kilio cha dada yangu ndani ya gari, katikati ya kuku za watu? Na watakaoitikia siwaoni?” Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, lakini basi zima lilikuwa likimsikiliza. “Wamalize wao. Wachukue mzee mwingine. Mimi nitafika.”

Nilimweleza kaka. Nikasikia upepo kwenye simu, na watu wengi wakiongea kwa mbali, kisha akasema, “Sawa,” na ikakatika.

Tulifika Ulyankulu jua likiwa limeinama. Turubai lilikuwa limeshakunjwa. Viti vya kukodi vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, vikingoja kuchukuliwa. Kaka alikuja kutupokea, akamshika mama mikono yote miwili, amahoro, amahoro, akaanza kueleza: mzee wa ukoo wa baba ndiye aliyesimama, alisema vizuri, watu wameitikia. Alikuwa amemwekea mama impeke katika jagi, imefunikwa kwa sahani.

Alipoinua jagi ammiminie, mama aliufunika mdomo wa bilauri kwa kiganja.

“Bado,” alisema. “Sijasema.”

Yule mzee wa ukoo, aliyekuwa akifunga mzigo kwenye baiskeli yake tayari kuondoka, alimwambia kwa upole kwamba jambo hilo halifanywi mara mbili. Kilio kimeshatolewa, hakuna kilio tena cha kutoa.

“Umetoa chako, mzee wangu, murakoze sana,” mama alimjibu. “Changu nimekuja nacho kutoka Rumonge. Nikirudi nacho, nitakiweka wapi?”

Mzee aliinamia baiskeli yake. Mama akaenda hadi katikati ya uwanja, pale nyasi zilipokuwa zimelala kwa kukaliwa na watu. Magoti yalikuwa yamemvimba kwa safari. Alisimama wima, akalitaja jina la dada yake, akawataja na wale wanne wengine kwa mfuatano wa kuzaliwa kwao, kisha akasema kwa Kirundi kwamba kilio kimekwisha, kila mtu arudi kazini kwake.

Halafu akangoja.

Palikuwa na kaka yangu, na mzee mwenye baiskeli ambaye alikuwa ametazama pembeni. Palikuwa na wanawake watatu wakisugua masufuria kwa majivu karibu na jiko. Na mimi. Kaka alifungua kinywa, akamtazama mzee, akakifunga. Nilijua nipaswalo kusema; ni neno moja tu, kila mtoto wa kwetu analijua. Lakini nilikuwa bado na meli ile, na mnyororo, na mistari yangu iliyonyooka kwa rula, na neno sikulisema.

“Kimekwisha,” alisema mmoja wa wale wanawake, mikono yake ikiwa myeusi kwa masizi mpaka kwenye viwiko.

Wenzake wakaitikia baada yake, wakaendelea kusugua.