Sweta Lililofumuliwa Kliniki

Juzi, kwenye benchi la kliniki hapa Moshi, nilimwona dada mjamzito akifumua sweta kuukuu la bluu na papo hapo akifuma kwa uzi wake kisweta cha mtoto. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Mapajani mwake mabega ya sweta yaliyeyuka taratibu, na kwenye sindano kifua kidogo kikachomoza.

Mama mmoja wa mlimani, aliyekaa jirani yake, alishindwa kuvumilia.

"Mwanangu, ndiyo kwanza unajifunza?"

"Shikamoo mama. Ndiyo."

"Marahaba. Uzi wa kufumua hujikunja. Unauosha kwanza, unauning'iniza na jiwe, unanyooka. Ona sasa, kama matuta ya viazi!"

Dada akalipeleka sweta puani. "Lilikuwa la marehemu mama. Nikiuosha uzi, harufu yake inaondoka."

Yule mama wa mlimani akalichukua lile sweta, akalipakata, akawa anamwachia uzi polepole.

Tunanung'unika kwamba mitumba inatuvisha jasho la watu tusiowajua. Mtoto yule atavaa matuta, na kabla hajajua kusema, atakuwa ameshamjua bibi yake.