Laini ya Sudan Juu ya Liru

Asubuhi ile ya mwisho iliyokuwa kama asubuhi nyingine, Zuhurah aliketi uani akijaza upepo gurudumu la nyuma la baiskeli yake. Mimi nilikuwa na chai yangu. Kwenye sahani zilibaki gurusa, zile chapati zetu laini za unga uliochachuka.

"Baba Muzamili, kula. Nikirudi nikute sahani iko nyeupe."

"Na wewe?"

"Mimi leo nakula mlima."

Pampu ilivuja. Kila alipoisukuma ilikoroma kama mtu mwenye pumu. Nikamwambia pampu hiyo imezeeka.

"Haijakufika wewe," akasema. "Yenyewe bado inapanda na kushuka."

Alicheka peke yake. Akajifunga shuka kiunoni juu ya gauni, akatia simu ndani ya mfuko wa nailoni, akaificha kifuani. Akapanda baiskeli, akapiga kengele, akaondoka. Ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa mke wangu alikwenda mlima Liru, na kijijini hakuna aliyeshangaa tena.

Kwanza walishangaa sana.

Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuja Koboko, huku Uganda, na jeshi kutoka Sudan. Nyumba yetu iko Ludara, kijiji kidogo, vilima huku na mashamba ya muhogo kule. Lakini tuliwahi kuwa na duka Yei, ng'ambo ya mpaka, upande wa Sudan. Vita vilipofika Yei tulikimbia, mimi na Zuhurah. Mtoto aliyetubakia, Muzamili, akasema tutangulie, yeye afunge duka kwanza. Hakutufuata.

Muzamili alijua namba moja tu kwa kichwa, ya mama yake. Laini ya Sudan, alimnunulia mwenyewe. Laini hiyo kwetu haishiki. Simu inakuwa maiti. Ila ukipanda juu, ukageukia mpaka, netwaki ya kule inavuka mpaka inakufikia. Basi hiyo ikawa kazi ya Zuhurah, kukaa mahali ambapo mtoto akipiga, simu italia.

Alianza na kilima cha nyuma ya soko, kwa miguu. Netwaki ilikuja, ikaondoka. Akasema kilima ni kifupi. Akaenda cha pili, kile cha malisho ya mbuzi. Vile vile. Akasema hicho nacho kifupi. Ndipo akataka baiskeli, maana Liru ni mbali na kwetu.

Alikuwa hajapanda baiskeli maisha yake yote, na tayari watoto wa ndugu walikuwa wanamwita haboba, yaani bibi. Alijifunza alfajiri nyuma ya msikiti. Alianguka, goti likavimba. Akalikanda na maji moto, akapanda tena. Kwetu wanawake wa umri wake hawaendeshi. Sokoni watu wakapata la kuniambia.

"Fadhul, mke wako ameolewa na mlima! Mahari umepokea?"

"Mwambie mlima ulete hata mbuzi mmoja!"

Zuhurah alipiga kengele, akapita. Siku moja tu ndiyo alisimama. Alimwangalia Obitre, muuza samaki wakavu, ambaye mdomo wake ulizidi wote.

"Obitre, baiskeli yako inabeba samaki ameoza. Yangu inabeba mama ya mutu. Nani aone haya?"

Soko lote lilicheka, na Obitre pia. Baada ya hapo akawa yeye anayemzibia pancha.

Mimi sikuweza kwenda naye. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika zamani ukaunga vibaya. Kwa fimbo nafika sokoni, basi. Nilibaki uani nikisikiliza.

Chini ya Liru kuna Constantino, anaponda mawe ya kokoto. Zuhurah aliacha baiskeli kwake, akapanda kwa miguu, akishika majani, akishika jiwe. Juu alitandika shuka, akawasha simu, akaswali, akakaa. Jua likianza kulala alizima simu, betri isiishe, akashuka. Nikisikia kengele njiani, naweka maji motoni.

"Ilishika?" namuuliza.

"Kidogo. Ikakatika."

Kila Ijumaa hivyo. Watu walisema mnara wa kule ng'ambo ulipigwa wakati wa vita, unafanya kazi nusu nusu. Tukashika neno hilo. Hatukusema mtoto hapigi. Tulisema netwaki ni mbaya.

Halafu wakaja vijana wa Arua. Wana baiskeli za magurudumu manene na kofia ngumu, wanazunguka West Nile nzima, mkoa wetu huu, kupanda milima kwa raha tu. Walifika juu ya Liru wakamkuta yeye ameketi. Msichana wao mmoja, Daisy, wa mtaa wa Mvara, alikuwa anahema hata maji hawezi kumeza.

"Haboba, umefikaje huku na hizo ndala?"

"Nimefika mbele yenu. Na hizo kofia ni za nini? Mawe inaanguka kutoka mbinguni?"

Walimpenda. Kila walipopita Koboko walimtafuta. Alipowaeleza habari ya laini, mmoja akataja Wati, mlima wa upande wa Terego, akasema ukiwa juu yake unaona dunia yote. Zuhurah hakulala. Kama unaona dunia yote, simu itakosaje kuona Yei? Mimi pia niliona ni sawa.

Vijana wakampakia na baiskeli yake kwenye pikapu mpaka Arua. Alilala kwa mama yake Daisy huko Mvara. Asubuhi wakaendesha pamoja, wakapita mashamba ya mtama ya Ayivu, wakaenda mpaka mlimani. Aliwachelewesha, lakini alifika kileleni. Akatoa simu. Laini ya Sudan haikuona kitu, hata kile kidogo cha Liru. Kumbe Wati uko mbali na mpaka. Sisi tulidhani urefu peke yake unatosha.

Kuna picha walimletea. Vijana wote wameinua mikono juu, wanacheka. Yeye ameinua simu.

Mwaka ule kaka yangu Siraji alikuja nyumbani na wazee wawili. Kwetu mtu akifa tunapika karama. Watu wanakuja, wanakula, Kurani inasomwa, jina la marehemu linatajwa, halafu anaachwa apumzike. Muzamili alikuwa hajapikiwa.

"Shemeji," Siraji alisema, "tumsomee. Ni haki ya mtoto."

"Maiti iko wapi?"

"Shemeji, muda umepita."

"Ukipika karama ya mutu anatembea, wewe ndiye umemuua."

"Na kama hatembei?"

"Atapiga aniambie."

Mzee mmoja alitaka kucheka, akaacha. Siraji akanigeukia mimi. Mimi nilikuwa natazama fimbo yangu. Usiku nilitaka karama. Mchana sikutaka. Wazee walikunywa chai, wakaondoka, na Ijumaa Zuhurah akapanda baiskeli.

Ikaendelea hivyo. Alikonda. Njiani alianza kushuka na kuikokota baiskeli mahali ambapo zamani aliendesha. Constantino alimwambia mlima hautoroki, apumzike wiki moja. Akamjibu kwamba mtoto anaweza kupiga wiki hiyo hiyo.

Ndipo madereva wa malori wanaotoka Oraba, pale mpakani, wakaleta habari sokoni. Mnara wa ng'ambo umesimamishwa upya. Simu za kule zinapiga vizuri, hata chumbani. Obitre alikuja mbio na mikono yake ya samaki kutuambia. Zuhurah akafua ile shuka ya kukalia. Akachaji simu kwa jirani mwenye sola mpaka ikajaa. Na kesho yake ndiyo ikawa asubuhi ile ya pampu.

Jua lililala, sikusikia kengele. Nikaweka maji motoni hivyo hivyo. Yakachemka, yakakauka.

Constantino ndiye aliyepanda kumtafuta. Alimkuta ameketi palepale, mkono mmoja umebana kifua, mwingine umeshika simu, na simu inawaka. Hakuweza kusimama. Constantino akambeba mgongoni mpaka chini, akamweka kwenye boda katikati yake na dereva. Hospitalini walisema ni moyo, umechoka. Walimpa dawa. Yeye alitaka nyumbani, tukamleta nyumbani.

Alikaa nasi siku chache. Daisy alikuja kutoka Arua na baiskeli, akaketi mkekani. Zuhurah akamshika mkono tu. Kisha akafa, wakati wa Alasiri, mimi nikiwa karibu. Tulimzika Koboko.

Simu sasa iko kwangu. Imezimwa. Laini ikikaa bila kuwashwa wanaifuta, namba anapewa mtu mwingine. Pengine wameshampa. Juzi nilimwambia mtu wa boda anipeleke mpaka kwa Constantino. Nilitazama juu. Constantino akasema atapanda yeye, anipandie na simu. Nikamwambia aache. Nikarudi nyumbani.

Nilimwambia aache kwa sababu ya neno moja. Jioni yake ya mwisho, kabla Zuhurah hajanyamaza kabisa, nilimwinamia. Nilitaka kuuliza kama anaumwa. Likatoka lile swali la kila Ijumaa, "Ilishika?" Alitazama bati la paa. Nadhani hakutaka nisikie. Halafu akasema:

"Ilishika mchana mzima, haikukatika hata mara moja. Mutu ndiye hakuna, Baba Muzamili. Mwambie Siraji apike karama. Moja tu, ya mimi na mtoto."