Shahidi Aliyekataa Chumvi

Cheka ukitaka, lakini miye nilikuwa pale, mchana, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe.

Enzi za Wabelgiji nilikuwa mkalimani wa Madamu mmoja aliyekaa Kasongo. Kazi yake? Kuandika riwaya za mauaji! Watu wa kwao Ulaya walizisoma wakitetemeka, kumbe vifo vyote aliviokota huku kwetu Maniema. Tulizunguka vijijini: mtu anasimulia, miye ninafasiri, yeye anaandika. Msimulizi akimaliza, ninampimia kikombe cha chumvi. Siku zile chumvi ilikuwa adimu, kwa hiyo hatukukosa wasimulizi.

Safari ya Kabambare niliiomba miye. Kaka yangu mkubwa, yaya Ramazani, alikuwa gerezani Kasongo, akisingiziwa kumuua Amuri, mchuuzi wa vitambaa ambaye miye sikuwahi kumwona. Hukumu ilikuwa karibu. Mauaji yalitokea huko Kabambare, na nilitaka mtu mmoja tu aliyeshuhudia.

Na nikampata! Alasiri, mvua ikimwagika, akaingia mwanamume mwembamba kwenye nyumba ya wageni tulimofikia. Alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, akaketi bila kukaribishwa. Nilimwekea muhogo na samaki wa chumvi. Muhogo alikula, samaki akamsukuma pembeni. Nikadhani ni maringo tu.

"Weye ndiye mudogo wa Ramazani?" akaniuliza. "Yaya yako hakumuua ule mutu. Muuaji niko namujua."

Nikafasiri upesi. Madamu akashika kalamu. Yule mtu akaeleza yote: njia ya Lusangi, mzigo wa vitambaa, jinsi mchuuzi alivyokabwa na mwenzake wa safari, kwa kamba ya mzigo wake mwenyewe. Niamini, alitaja hata rangi ya kitambaa kilichobaki matopeni.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Ngoja kwanza, baba. Niko nafika pale."

Si ningengoja? Lakini furaha haina adabu. Nilishamwona yaya nyumbani, akiota moto na watoto wake. Nikachota kikombe, nikamshika mkono, nikammiminia chumvi kiganjani. "Aksanti, muzee! Aksanti sana!"

Alipiga yowe ambalo bado ninalisikia. Kitambaa kikateleza, nikaona shingoni alama ya kamba, nyeusi, imezunguka yote. Kisha kiti kikawa kitupu. Mvua yote ile, na sakafu chini ya kiti ilikuwa kavu! Bibi yangu alinifundisha tangu utotoni kwamba wafu hawagusi chumvi. Mchuuzi Amuri mwenyewe alikuja kumtetea yaya, na miye nikamfukuza kwa shukrani.

Hakimu alitaka jina la muuaji. Tungemwambia nini? Madamu alirudi kwao akaandika buku lake, na humo muuaji anakamatwa. Yaya alifungwa mpaka Wabelgiji walipoondoka. Alitoka mgongo umepinda, na watoto wake hawakumtambua.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mtu akiwa na neno, mwache alimalize. Hata likiwa tamu namna gani, mwache! Na tafadhali, usilifikishe hili kwa yaya. Tunakaa nyumba moja sasa, na kila mvua inaponyesha ananiuliza, "Mudogo, kule Kabambare hamukupata hata mutu mumoja?"

Ninamjibu, "Hapana, yaya. Hatukupata."