Unga Tuliorudi Nao Kutoka Ngomeni

Babu wa mchumba wangu hakuwa na ncha ya kidole gumba, na kila aliyemuuliza alimwambia imeliwa na chui. Alipenda sana kuulizwa. Siku waliyotutembeza mahame yao alikuwa ameshatusimulia habari za huyo chui hata kabla hatujafika kituo cha kwanza, na mimi nikacheka kwa adabu zote, maana nilimtaka mjukuu wake. Nilimtaka hasa. Kijana alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la kahawa la Mzungu, mrefu, mcheshi, na mimi nilikuwa nimekufa nimeoza.

Enzi zile za Mwingereza, kwenye koo zetu za huku Mbozi, binti hakuolewa hivi hivi tu. Kabla ng'ombe hawajatolewa, upande wa mume uliwachukua wakwe ukawaonyesha mahali wazee wao walipoishi na kupigana zamani, ukawaeleza yote yaliyotendeka pale, mazuri na mabaya. Ukishakanyaga mahame, kusema uongo ni mwiko. Shangazi wa binti ndiye anayebeba unga wa ulezi. Akiridhika na alichosikia kituoni, anaumwaga kidogo chini; ukimwagwa vituo vyote, mmekubali kuchanganya damu. Asipoumwaga, hakuna ndoa, hata binti alie vipi.

Shangazi yangu alikuwa dada mkubwa wa baba. Sikuwahi kumwona bila kitambaa kichwani. Hata mtoni alioga mbali na sisi. Tulichojua ni kwamba alipokuwa mtoto kijiji chao kilichomwa moto, yeye akatekwa, na baadaye mjomba wake akamkomboa kwa chumvi iliyotoka Ivuna. Zaidi ya hapo hakusema, na sisi tulifundishwa tusiulize.

Basi tukatoka asubuhi watu watano: baba, shangazi, mimi, mchumba wangu na babu yake, ambaye ndiye aliyemlea. Kwanza tulikwenda kwenye lile jiwe kubwa la chuma la Mbozi, lililolala mlimani kama ng'ombe aliyegoma kuinuka. Wazungu walikuwa wameshalichimbua pembeni. Mzee akatuambia hapo ndipo babu yake mkubwa aligombana na ndugu yake wa tumbo moja, akamchoma mkuki wa shingo. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeelezea mavuno. Shangazi akamwaga unga. Kila ukoo una maiti zake, alimwambia baba.

Kituo cha pili kilikuwa tanuru za wahunzi wao, zimebomoka nusu, zimeota majani. Pale waliyeyusha chuma cha majembe na mikuki. Kuna mgeni aliwahi kukamatwa akichungulia kazi ile ya siri, wakampiga kwa magogo mpaka akafa, wakamzika palepale. Mzee alionyesha kwa fimbo alipozikwa. Baba alininong'oneza kwamba wakwe zangu wanapenda damu. Nikamjibu kwamba hayo ni ya kale na mimi siolewi na tanuru. Lo, nilikuwa na mdomo. Shangazi akamwaga unga tena, nikashukuru Mungu kimoyomoyo. Niliokota pale kipande cha mavi ya chuma, yale masalia ya kuyeyusha, kizito, cheusi, nikakishika mkononi kiwe ukumbusho wangu.

Kilibaki kituo kimoja tu, ngome yao ya zamani upande wa kwenda Itaka. Ilikuwa imebaki handaki tu, na miti michache iliyochipua kutoka kwenye nguzo za ukuta. Mzee akachangamka kama kijana. Alisimama juu ya tuta akatueleza walivyotoka kwenye lango lile alfajiri, vijana tu, wakaenda kuchoma kijiji cha kando ya mto wenye mawe mekundu. Waliotoka nje walichomwa mikuki mlangoni. Waliobaki ndani waliungua. Watoto waliwafunga kamba wakawaleta hapa.

"Mmoja alinisumbua njiani," akasema, akicheka. "Kitoto cha kike. Nikamkata sikio, akatulia."

Nilimwangalia shangazi. Alikuwa ameweka kikapu cha unga chini.

"Hujasema alikusumbua vipi," shangazi akamwambia. "Alikuuma. Alikuuma kidole mpaka nyama ikabaki mdomoni."

Kisha akavua kitambaa. Upande wa kushoto hapakuwa na sikio, palikuwa na tundu na ngozi iliyokunjamana. "Chui wako ni mimi," akasema.

Baba hakungoja. Alimtandika mzee fimbo ya kichwa, fimbo ikavunjika, akaendelea na kipande kilichobaki. Mzee akaanguka, damu ikamjaa machoni. Mchumba wangu akamrukia baba, wakabiringika wote mpaka ndani ya handaki, na yule kijana wangu mcheshi akasimama akaanza kumpiga baba mateke ya mbavu, moja baada ya jingine, baba akiwa chini anakoroma. Nilimwita. Hakusikia. Nikateremka, nikampiga mdomoni kwa kile kipande cha mavi ya chuma kwa nguvu zangu zote. Nilisikia meno yakivunjika, na haki ya Mungu, wakati ule nilifurahi.

Baada ya hapo kila mtu akakaa chini, tunahema. Mzee alikuwa amejifunika uso kwa shuka. Baba alishika mbavu, hawezi kusema. Mchumba wangu akanijia akitema damu. Nilidhani anakuja kunipiga. Kumbe analia. Akaniomba msamaha, akasema alimwona babu yake anauawa, angefanya nini. Hapo nilimwelewa, na moyo wangu ulikuwa karibu kumrudia. Halafu akainama sikioni kwangu.

"Mwambie shangazi akubali kwamba amekosea," akasema. "Aseme ni chui. Amwage unga, sisi tuoane."

Nisidanganye, nilitaka kumwambia. Niliona nyumba yetu, niliona watoto. Lakini shangazi alikuwa amesikia kwa lile sikio moja. Alikuwa ameshakivuta kikapu, mkono wake umo ndani ya unga, ananitazama bila hasira yoyote.

"Mwanangu," akaniuliza, "nikisema ni chui, utaolewa?"

Angesema. Kwa ajili yangu angesema uongo palepale mahameni, mbele ya mtu aliyemkata, na angefunga tena kitambaa mpaka kufa kwake.

"Hapana, shangazi," nikamwambia. "Funika unga wako."

Tulirudi nyumbani taratibu, tumemshikilia baba huku na huku. Kile kitambaa tulimfungia mbavu. Watu njiani walimtazama shangazi kichwa, naye akawaamkia kama kawaida. Jioni niliusonga ugali wa ule unga uliobaki, nikiwa nalia, maana nilimpenda yule kijana na sikuwa nimeacha kumpenda. Shangazi akala kichwa wazi, kisha akasogeza sahani akaomba nimwongeze.